Jiografia ni nini hasa, na kwa nini tunasema "jiografia ya hofu" au "ramani ya maisha"? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila siku, mengine yanatoka kwa wanafunzi, mengine kwa waandishi, mengine kwa watu waliosikia tu mtu anasema "jiografia ya kitu fulani" wakabaki wanajiuliza anamaanisha nini. Yamepangwa kuanzia mepesi kwenda yale yanayoumiza kichwa, kwa hiyo kama mambo ya msingi unayajua ruka hadi sehemu ya pili.

## Mambo ya msingi

Hivi jiografia ni nini, kwa maneno ya kawaida?

Ni elimu ya kuuliza vitu viko wapi, kwa nini viko hapo na si pengine, na kuwa kwake hapo kunaleta nini. Maswali matatu tu, ukiyashika umeshika somo zima. Mto unapita hapa sababu ardhi inainamia huku, watu wakakaa kando yake sababu ya maji, barabara ikafuata watu, soko likafuata barabara, na mafuriko yakija yanawakuta wote palepale. Jiografia ni huo mnyororo wa sababu, ila umefungwa kwenye mahali.

Jina limetoka kwa Wagiriki, ni kama kusema kuiandika dunia, na mtu anayetajwa sana mwanzoni ni Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria karne ya 3 kabla ya Kristo. Yeye aliupima mzunguko wa dunia kwa kutumia kivuli. Alijua kwamba kule Syene, yaani Aswan ya leo, kuna siku moja ya kiangazi ambapo jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa na vitu havina kivuli, lakini Alexandria siku hiyohiyo kivuli kipo, na pembe yake ni sehemu 1 ya 50 ya duara. Umbali kati ya miji hiyo ulihesabiwa kuwa stadia 5,000 (stadia ni kipimo cha umbali cha Wagiriki), basi akazidisha mara 50 akapata stadia 250,000. Mpaka leo watu wanabishana stadia yake moja ilikuwa mita ngapi, ila makadirio mengi yanaangukia si mbali na zile kilomita 40,000 tunazozijua. Angalia alichofanya hapo: tofauti ndogo kati ya mahali pawili imemwambia kitu kuhusu dunia nzima, na huo ndio mchezo wa jiografia tangu siku hiyo.

Si ni kukariri miji mikuu na mito mirefu tu?

Hapana, na inauma kuona watu wengi wanalikimbia somo hili kwa sababu walifundishwa hivyo. Majina ni kama alfabeti, lazima uyajue kiasi ili uweze kusoma, lakini hakuna anayesema kujua a mpaka z ndiyo fasihi.

Mfano mzuri ni wa daktari John Snow, London, mwaka 1854. Kipindupindu kinaua watu mtaa wa Soho na wakubwa wengi wa tiba wanaamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Snow akachukua vifo, akaviweka kwenye ramani nyumba kwa nyumba, na vikajazana kuzunguka bomba moja la maji la Broad Street. Akaenda mbali zaidi, akawafuatilia hata wale waliokufa mbali na wale wa karibu ambao hawakuugua, kwa mfano wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa jirani kabisa, hao walikuwa wanakunywa bia na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Mpini wa bomba ukang'olewa. Hapo hakuna mji mkuu uliokaririwa, kuna swali la "kwa nini hapa" lililoulizwa vizuri.

Jiografia na jiolojia ni kitu kimoja?

Ni ndugu, ila kazi tofauti. Jiolojia inashughulika na miamba na historia ya dunia kwa ndani, jiografia inashughulika na uso wa dunia pamoja na watu wake. Volkano ilivyojengeka ni jiolojia, kwa nini watu wanalima kwenye mteremko wake na wataondokaje ikilipuka ni jiografia.

Kuna aina ngapi za jiografia?

Kwa kawaida inagawanywa mbili: ya maumbile (hali ya hewa, mito, udongo, mimea) na ya watu (miji, uhamaji, uchumi, siasa, lugha). Mgawanyo huu unasaidia kupanga vitabu lakini usiuamini sana, ukame ni wa maumbile au wa watu? Mvua kutonyesha ni maumbile, nani atakufa njaa na nani hatajua hata kama kulikuwa na ukame, hiyo ni ya watu.

Skeli ni nini na kwa nini kila mtu anaichanganya?

Skeli ni uhusiano wa umbali wa kwenye ramani na umbali wa kwenye ardhi. Ramani ya 1:50,000 maana yake sentimita 1 ya karatasi ni sentimita 50,000 za ardhini, yaani nusu kilomita, kwa hiyo sentimita 2 ni kilomita 1. Wanapochanganya ni hapa: 1:50,000 ni skeli KUBWA kuliko 1:1,000,000, japo namba inaonekana ndogo, sababu kitu kilekile kinachorwa kikubwa zaidi. Kwenye ile ya 1:50,000 utaona kijito, njia ya miguu, shule, kanisa au msikiti, na mistari ya kontua inayoonyesha mwinuko. Pale kontua zilipobanana ni mteremko mkali, zilipoachana ni tambarare, na zikichora V inayoelekeza ncha yake juu mlimani ujue hapo kuna bonde, mara nyingi na maji chini. Mtu aliyezoea anaiangalia karatasi bapa anaona mlima. Kwenye ile ya milioni moja yote hayo yamepotea, kijiji kizima ni nukta au hakipo.

Na skeli inabadilisha hata majibu. Ukiuliza pwani ya Uingereza ina urefu gani, jibu linategemea rula yako, maana ukitumia rula fupi unaingia kwenye kila kihori na kila mkunjo wa mwamba, urefu unaongezeka. Lewis Fry Richardson aliligundua hili na Benoit Mandelbrot akaliandikia mwaka 1967. Kumbuka hili la skeli, tutalirudia kwenye sitiari.

Kwa nini Greenland inaonekana kubwa kama Afrika?

Kwa sababu dunia ni mviringo na karatasi ni bapa, huwezi kuitandaza bila kuvuta mahali. Ramani ya Gerardus Mercator ya mwaka 1569 ilitengenezwa kwa ajili ya mabaharia, ukichora mstari ulionyooka juu yake unapata mwelekeo mmoja wa dira wa kufuata mpaka mwisho, na gharama yake ni kwamba nchi zinavimba kadiri unavyozikaribia ncha za dunia. Afrika ina kama kilomita za mraba milioni 30, Greenland kama milioni 2.2, yaani Afrika inaimeza Greenland karibu mara 14. Mercator hakudanganya, alijibu swali la baharia. Kosa ni kuichukua ramani ya baharia na kuitundika darasani mtoto apimie ukubwa wa mabara.

Lazima kaskazini iwe juu?

Wala. Ni mazoea tu. Al-Idrisi alimchorea mfalme Roger II wa Sicily ramani ya dunia iliyokamilika mwaka 1154, na kusini ilikuwa juu, na ramani nyingi za Ulaya za zama hizo ziliweka mashariki juu. Hata mstari wa longitudo sifuri kupita Greenwich ulipigiwa kura, mkutano wa Washington mwaka 1884.

## Kutoka kwenye ardhi kwenda kwenye maneno

Mtu akisema "jiografia ya hofu" au "jiografia ya moyo" anamaanisha nini?

Anasema kwamba hicho kitu kina mpangilio: kina sehemu, sehemu zina majirani, kuna zilizo mbali, kuna zilizozuiwa, kuna njia za kupita na mahali pasipopitika. Mtu anayeongelea jiografia ya huzuni yake anataka kukwambia huzuni haikutapakaa sawa kila mahali, kuna chumba ndani ya nyumba anakipita haraka, kuna saa za jioni anazikwepa, kuna mada mkiikaribia anageuza maneno.

Ikitumiwa hivyo ni nzuri sana. Tatizo ni pale neno linapowekwa kwa ajili ya kunogesha tu, mtu anaandika "jiografia ya mafanikio" halafu unasoma kurasa kumi hukuti mahali hata pamoja.

Nitajuaje kama sitiari yangu ya jiografia inafanya kazi?

Iulize maswali ya jiografia yenyewe. Nini kiko karibu na nini? Nini kinatenganisha? Vitu vinasafiri kuelekea wapi? Unaangalia kwa skeli gani? Ikijibu angalau mawili una sitiari, isipojibu hata moja una pambo, lifute.

Mfano unaopita mtihani kwa alama zote ni ramani ya jeni. Mwaka 1913 Alfred Sturtevant, mwanafunzi kwenye maabara ya nzi wa matunda ya Thomas Hunt Morgan, alichapisha ramani ya kwanza ya jeni kwenye kromosomu. Hakuziona hizo jeni kwa macho. Alichojua ni kwamba tabia fulani za nzi hurithiwa pamoja na wakati mwingine hutengana, akafikiri kwamba zile zinazotengana mara chache lazima zimekaa karibu, zinazotengana mara nyingi ziko mbali. Akageuza asilimia za kutengana kuwa umbali, akapanga jeni sita kwenye mstari mmoja, na mpangilio ukakubali. Hapo neno "ramani" halikuwa urembo, lilikuwa na umbali ndani yake, na ndiyo maana likazaa matunda mpaka mradi wa jenomu ya binadamu, yaani kusoma DNA yote ya mtu, uliotangazwa kukamilika mwaka 2003.

Kwa nini lugha inapenda kukopa kwenye ardhi hivyo?

Inaonekana ubongo wenyewe unafikiri hivyo. Mwaka 1948 Edward Tolman alieleza kwamba panya kwenye vichochoro vya majaribio hajifunzi "kushoto, kulia, kushoto" tu, anajenga aina fulani ya ramani kichwani. Mwaka 1971 John O'Keefe akaripoti seli kwenye hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu, zinazowaka panya akiwa mahali fulani maalum, na mwaka 2005 May-Britt na Edvard Moser na wenzao wakaripoti seli nyingine zinazowaka kwa mpangilio wa gridi, kama wavu uliotandazwa sakafuni. O'Keefe na hao Moser wawili wakapewa Nobel mwaka 2014.

Sasa utamu uko hapa. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford walionyesha kwamba watu wakipanga kichwani vitu visivyo mahali, walitumia picha za ndege wanaotofautiana urefu wa shingo na wa miguu, ubongo unatoa ishara inayofanana na ya ile gridi. Yaani mtu "anatembea" kutoka ndege mmoja kwenda mwingine kwenye uwanja ambao haupo popote. Binafsi naona hili linaondoa ile dharau kwamba sitiari ni mapambo ya washairi, tunaposema wazo hili liko mbali na lile huenda tunaeleza kazi ya kichwa kama ilivyo.

Kwani Kiswahili cha kila siku kina sitiari za jiografia?

Kimejaa mpaka hatuzioni tena. Maisha yana milima na mabonde. Elimu ni bahari. Umefika njia panda. Huyu ana upeo, yule upeo wake unaishia puani. Chama kimepoteza dira, na dira ni chombo cha baharia kabisa. Umevuka mipaka, jua mipaka yako. Fulani amekuja kuchafua hali ya hewa. Tuko pamoja, tumeachana mbali kimawazo, hoja yako imetoka nje ya njia. Tunasema nyanja ya siasa na nyanja ya afya bila kuona uwanja wowote.

Ukiziangalia utaona zinagawana kazi. Za mwinuko zinabeba ugumu na hadhi (kilele, kushuka, kuporomoka), za maji zinabeba ukubwa usiodhibitika (bahari, kuzama, mkondo), za njia zinabeba uamuzi, na za mpaka zinabeba heshima na ruhusa. Mwandishi akizichanganya bila kufikiri, akawa na dira inayozama kwenye kilele cha njia panda, msomaji anapotea hata kama hajui kwa nini.

Kila lugha inaweka wakati ujao mbele na uliopita nyuma?

Hapana. Waaymara wa milima ya Andes wanauongelea wakati uliopita kama uko mbele ya macho na ujao kama uko mgongoni, hata mikono yao ikiongea inaelekeza hivyo. Ukiwaza utakubaliana nao, jana umeiona na kesho hujaiona. Na kuna Waguugu Yimithirr wa kaskazini ya Queensland, Australia, lugha yao ya asili haitegemei kushoto na kulia ya mwili, wanatumia kaskazini, kusini, mashariki na magharibi hata kwa vitu vilivyo mezani. Kwa hiyo dira wanayo kichwani muda wote.

"Jiografia ya njaa" au "jiografia ya umaskini" nazo ni sitiari?

Hizo mara nyingi SI sitiari na watu wanakosea hapa. Josué de Castro, daktari wa Brazil, mwaka 1946 aliigawa nchi yake kwa kanda na kuonyesha kila kanda inakula nini na inakosa nini. Hiyo ni jiografia halisi, njaa imewekwa kwenye ramani kama mvua. Ukitaka kutofautisha uliza: naweza kuchora hiki kwenye ramani ya ardhi? Kama ndiyo, ni jiografia kamili. Kama umbali wake ni wa kimawazo, ni sitiari. Na kuna vitu viko katikati, jiografia ya hofu ya mji inaweza kuwa mitaa halisi ambayo wanawake hawapiti usiku, ingawa hofu yenyewe iko vichwani.

## Siasa na madaraka

"Kusini mwa Dunia" iko wapi kama Australia iko kusini lakini haihesabiwi?

Hapo neno la mwelekeo limeshaacha dira. Tume iliyoongozwa na Willy Brandt, aliyewahi kuwa kansela wa Ujerumani Magharibi, ilitoa ripoti mwaka 1980 yenye mstari maarufu unaogawa dunia kati ya Kaskazini tajiri na Kusini maskini, na mstari ukifika upande wa Australia na New Zealand unashuka chini yao ili wabaki Kaskazini. Kabla ya hapo kulikuwa na "Dunia ya Tatu", neno la Mfaransa Alfred Sauvy la mwaka 1952. "Magharibi" nayo ni hivyohivyo, kuna watu wanaiweka Japani humo.

Haya maneno yana faida, yanakusanya historia ndefu kwa neno moja. Hatari yake ni kwamba mwelekeo unaonekana kama kitu cha asili, mtu anaanza kudhani umaskini unatokana na latitudo.

Je, jiografia ni hatima? Nchi ikikaa vibaya ndiyo basi?

Swali hili limegombanisha wasomi zaidi ya karne. Wapo waliosema hali ya hewa na ardhi zinaamua tabia na maendeleo ya watu, na mawazo hayo yalitumika sana kuhalalisha ukoloni na ubaguzi. Upande wa pili alikuwepo Mfaransa Paul Vidal de la Blache, yeye na wafuasi wake wakasisitiza kwamba mazingira yanatoa uwezekano, watu ndio wanachagua.

Ushahidi unaegemea huku kwa Vidal ila usipuuze ardhi. Uswisi haina bahari, Chad haina bahari, maisha ya nchi hizo mbili hayafanani hata kidogo, na sababu kubwa ni majirani, masoko, historia na taasisi. Singapore ilipojitegemea mwaka 1965 ilikuwa inategemea maji kutoka Malaysia, haina madini wala mafuta, ila imekaa kwenye mlango wa bahari ambao meli za dunia zinapita, ikaamua kuutumia. Kwa hiyo mahali panakupa bei ya kila uamuzi, hapakufanyii uamuzi. Mtu akikwambia "sisi ndivyo tulivyokaa" muulize nani anafaidika na maneno hayo.

Sitiari ya jiografia inaweza kuumiza watu kweli?

Inaweza, na imeshaumiza. Chukua sitiari ya "ardhi tupu". Ramani za Ulaya za zamani ziliacha sehemu kubwa za mabara mengine nyeupe, kwa maana ya "sisi hatujui kuna nini", halafu taratibu weupe ukasomwa kama "hakuna mtu". Huko Australia sheria ilitembea na wazo hilo la ardhi isiyo na mwenyewe zaidi ya miaka 200, wakati watu wako pale wana njia zao, mipaka yao na majina ya kila kilima. Eddie Mabo na wenzake wa kisiwa cha Mer, kwenye mlangobahari wa Torres, wakaenda mahakamani na ushahidi wa jinsi mashamba yao yalivyorithiwa na mipaka yake inavyojulikana, na tarehe 3 Juni 1992 Mahakama Kuu ya Australia ikalikataa wazo la ardhi tupu. Mabo mwenyewe alikuwa amefariki Januari mwaka huohuo.

Ndiyo maana ukiandika leo "eneo jipya", "uwanja mpya wa kuteka", "mpaka wa mwisho", jiulize kwanza nani tayari anaishi hapo. Inafaa hata kwenye mambo ya biashara na teknolojia, ile lugha ya "kuteka soko" inafanya watu waonekane kama nyasi.

Basi mipaka ya nchi nayo ni sitiari tu?

Ni mstari wa kufikirika wenye askari halisi. Mingi haionekani ardhini, ng'ombe na mvua hawaijui, lakini inaamua shule, hospitali, pesa na pasipoti. Viongozi wa Afrika waliokutana Cairo mwaka 1964 walikubaliana kuheshimu mipaka iliyokuwepo wakati wa uhuru, pamoja na kwamba mingi ilichorwa na wakoloni, sababu waliogopa vita vya kuichora upya. Kwa mipaka ya kati ya mtu na mtu jibu ni lilelile, haionekani ila ukiivuka unajua.

## Kesi za pembeni

Intaneti si imeiua jiografia?

Imeificha. Kila ujumbe unapita mahali. Karibu data yote inayovuka mabara inapita kwenye nyaya chini ya bahari, na mwanga ndani ya waya wa kioo unaenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyo umbali wa waya wa kilomita 10,000 haiwezi kukujibu chini ya sehemu ya kumi ya sekunde kwenda na kurudi, hata ununue simu ya bei gani. Machi 2024 nyaya kadhaa zilikatika karibu na pwani ya Côte d'Ivoire na nchi nyingi za Afrika Magharibi zikakosa au zikapungukiwa intaneti siku hiyohiyo. Na lile "wingu" tunalohifadhia picha ni majengo makubwa yenye joto, umeme mwingi na mashine za kupoozea, yamejengwa mahali fulani kwa sababu fulani. Sitiari ya wingu imefanya watu wasahau kuuliza swali la kwanza la jiografia, liko wapi.

Kanuni ya "vya karibu vinafanana zaidi" inafaa kwenye mawazo pia?

Hiyo ni ya Waldo Tobler, aliisema mwaka 1970, kwamba kila kitu kinahusiana na kila kitu ila vya karibu vinahusiana zaidi kuliko vya mbali. Kwenye mawazo inafaa kama ukieleza kwanza "karibu" ni nini. Kwa Sturtevant hapo juu ilikuwa wazi. Kwenye michoro mingi ya "ramani ya mawazo" watu wanaweka viputo popote penye nafasi, umbali hauna maana yoyote, hiyo ni orodha iliyotawanywa. Ukitaka iwe ramani kweli, weka karibu vinavyotegemeana na acha nafasi wazi mahali usipojua.

Mwezini kuna jiografia? Na mwilini?

Mwezini ipo, na imejaa sitiari zilizoganda. Giovanni Riccioli mwaka 1651 aliyaita madoa meusi ya mwezi bahari, na Apollo 11 mwaka 1969 ilitua kwenye Bahari ya Utulivu ambayo haina hata tone, ni tambarare ya lava iliyoganda. Mwilini pia, Paul Langerhans mwaka 1869 alieleza vikundi vya seli vilivyojitenga ndani ya kongosho, baadaye vikaitwa visiwa vya Langerhans, na ndivyo vinavyotoa insulini. Jina limekaa vizuri kwa sababu kweli vimezungukwa na tishu za aina nyingine kabisa.

Nikitaka kuandika "jiografia ya maisha yangu" nianzie wapi?

Chagua skeli kwanza. Ukichukua miaka 40 kwa ukurasa mmoja utapata miji na kazi, wiki moja kwa ukurasa mmoja utapata njia ya kutoka kitandani hadi dirishani, zote ni halali ila usizichanganye bila kumwambia msomaji. Halafu weka mahali halisi kabla ya hisia, mlango, ngazi, kituo cha basi, hisia itakuja yenyewe ikijua pa kukaa. Halafu uliza nini hukuweza kufikia na kwa nini, maana vizuizi vinaeleza ramani kuliko barabara.

Kama neno "jiografia" halifai, nitumie lipi?

Inategemea unachotaka kusema. Kama unaongelea mfuatano wa wakati, sema historia. Kama ni sehemu za kitu kimoja na zinavyoshikana, sema muundo. Kama ni hali iliyomzunguka mtu, mazingira yanatosha. Kama ni orodha, iite orodha. "Jiografia" iache kwa pale ambapo umbali, ujirani au njia vinabadilisha jibu.